Kiraka Kisichojua Kufuta

Mvukuto wa marehemu Sefania Mbwambo ulikuwa mezani kwangu, umefunguliwa mgongo, nami nilikuwa nimesimama mbele yake nikijitahidi nisikasirike.

Sikuweza. Nilikuwa nimeliona faili. Lilikuwa limekaa mahali pake pa zamani, katikati ya mafaili mengine, kama mtu aliyefukuzwa nyumbani kisha akarudi akaketi kwenye kiti chake bila hata kubisha hodi. Jina lake ni utulivu. Nilipolisoma jina hilo nilitoa tusi ambalo marehemu mama yangu angenizabia kofi, na nililitoa kwa sauti ya juu, karakana nzima ingesikia kama ingekuwa na watu. Moyo ukaanza kwenda mbio. Ndipo mvukuto wangu mwenyewe, huu niliojifunga kifuani, ukaanza kuninyima hewa.

Mwanzoni ulininyima kidogo tu. Nikadhani ni hasira. Nikatukana tena, ukapunguza tena, na safari hii kingo za meza zikaanza kuingia giza. Basi nikaelewa. Nikajitupa sakafuni, nikafunga mdomo, nikaukodolea macho mguu wa kabati na kuufikiria huo mguu wa kabati tu, rangi yake na kutu yake, mpaka hewa ikarudi.

Sijawahi kudhalilishwa hivyo. Mtu akikukosea unaweza kumjibu. Kitu hiki kilinikalisha chini kama mtoto mtundu, nami nikakaa.

Sisi wa Kwamrindo, kila aliyefanya kazi mgodini na kila aliyeishi upande ambao upepo ulipeleka vumbi, tumebaki na mapafu yasiyoweza hata kuzima mshumaa. Ndiyo maana tunavaa mivukuto. Iliyotutengenezea ni Kampuni ile ile iliyochimba, na wala si kwa huruma, maana mchimbaji akishakufa hachimbi. Ndani ya programu ya mvukuto wakaliweka faili la utulivu. Kazi yake ni kusikiliza moyo na sauti. Moyo ukienda mbio huku sauti imepanda, linapunguza hewa. Usiponyamaza, linapunguza zaidi. Ukikaa chini ukafunga domo lako, unarudishiwa. Wakasema ni kuzuia mtambo usipate joto. Lakini mtu aliyesukuma toroli la mawe kimya kimya, jasho likimtiririka, alipata hewa tele, na mtambo haukupata joto lolote. Aliyepandisha sauti mbele ya msimamizi ndiye aliyekosa pumzi. Watu walianguka kwenye mgomo hata kabla ya kumaliza kutaja wanachodai.

Kampuni ilipofunga mgodi na kuondoka, jambo la kwanza ambalo karakana yetu ilifanya ni kulifuta faili hilo. Walichinja mbuzi siku hiyo. Watu walikusanyika uwanjani wakapiga kelele bila sababu yoyote, wakipiga tu kwa kuwa sasa wanaweza.

Na sasa lilikuwa hapa, ndani ya kifua cha Sefania, mzee aliyekufa akifukuza mbuzi wa jirani kwenye shamba lake la maharage. Shamba lenyewe liko kwenye mteremko mkali. Alikuwa akipanda huku akiwafokea, na hapakuwa na mahali pa kukaa. Watu wakasema moyo ulimshinda, umri umekwenda.

Moyo wake ulikuwa mzima kabisa. Nilikuwa na kumbukumbu zake zote mezani.

*

Mhandisi Mchome aliingia akiwa na suti nyeusi. Yeye ndiye mkuu wa karakana, na siku hiyo alikuwa amepangiwa kusoma salamu za rambirambi kwa niaba yetu. Mchome hana mvukuto. Alikuja kutoka mjini baada ya mgodi kufungwa, na anavuta hewa kwa mapafu aliyozaliwa nayo.

"Umemaliza na huo?" akaniuliza. "Jeneza limeshatoka hospitali. Familia wanataka azikwe nao."

"Utulivu limerudi," nikasema.

Nililazimika kusema kwa kunong'ona. Nilikuwa nataka kuangusha paa, nikanong'ona.

"Haiwezekani. Tulilifuta."

"Mlilifuta kwenye mti."

Alijua mara moja, nami nikaona usoni kwake kwamba amejua.

Programu ya mvukuto hutoka kwenye furushi moja la Kampuni, tunaliita Asili. Limefungwa kwa lakiri ya tarakimu, na mvukuto hukagua lakiri hiyo tu: ukigusa hata herufi moja ndani ya furushi, unaikataa programu nzima. Kwa hiyo Asili haiguswi. Tunalifungua furushi, tunayatandaza mafaili yake kwenye mashine, na huo mtandazo ndio tunaouita mti. Mabadiliko yote tunayafanya kwenye mti. Kisha kuna chombo kinaitwa Mshonaji. Huyu analinganisha mti wetu na Asili, anaandika tofauti, na hiyo tofauti ndiyo kiraka. Ukitaka programu mpya mahali pengine, unachukua Asili isiyoguswa, Mshonaji anashonea viraka vyote juu yake, basi.

Mstari ulioongeza, Mshonaji anauandika. Mstari uliobadilisha, anauandika. Faili ulilolifuta zima, haandiki kitu. Anatoa onyo moja, "ufutaji wa faili umepuuzwa," kisha huyo anaendelea na shughuli zake. Waliomtunga walifikiri kwamba faili likikosekana kwenye mti, huenda fundi amelipoteza kwa uzembe, kwa hiyo ni salama zaidi libaki. Ndiyo busara yao. Waliona ni rahisi kuamini kwamba wewe ni mzembe kuliko kuamini kwamba umechoka kunyongwa.

Kwa miaka yote hiyo haikuonekana, kwa kuwa programu ilikuwa ikitoka moja kwa moja kwenye mti wa mashine ya zamani, na kwenye mti ule utulivu halikuwepo. Kisha majuzi radi ikapiga, mashine ikafa. Mchome akachukua mashine mpya, akafungua Asili, akamwachia Mshonaji ashone viraka, akatuma. Watu wakabonyeza vitufe vyao wakaipokea. Viraka vyote vilikuwepo. Kile cha kulifuta faili hakikuwepo kwa sababu hakikuwahi kuwepo.

"Mshonaji alitoa onyo?" nikamwuliza.

"Nakiete, yule hutoa maonyo mengi mno. Nafasi iliyoachwa mwisho wa mstari, onyo. Tarehe isiyolingana, onyo."

"Nimekuuliza, alitoa?"

"Nilishayazima maonyo yake!" Mchome akafoka. Alifoka kwa raha zake, kifua wazi, sauti ikagonga mabati. "Tangu zamani! Yalikuwa yanajaza kioo, hakuna aliyekuwa akiyasoma. Kila karakana wanafanya hivyo!"

Niliinua bisibisi. Sijui nilitaka kuifanyia nini. Hewa ikapungua, nikairudisha bisibisi mezani taratibu, nikakaa kwenye kiti na kumtazama. Hebu fikiria kuwa na mtu mbele yako aliyeua kwa uvivu, anakufokea, nawe unatakiwa ufikirie mguu wa kabati.

"Lifute tena basi," akasema.

"Nitalifuta na Mshonaji atalirudisha. Ndicho ninachokwambia tangu umeingia."

"Basi likamue. Acha jina, toa yote yaliyomo, libaki tupu."

"Nimeshajaribu, kwenye mvukuto wa marehemu. Ulitafuta kikomo cha mapigo ya moyo, haukukikuta, ukahesabu kikomo ni sifuri, ukafunga hewa yote. Hiyo ingemuua hata aliyelala."

Dawa niliyoipata nilikuwa naichukia, lakini ilifanya kazi. Nililiacha faili. Nililiacha na jina lake na mistari yake, nikabadilisha kikomo tu, nikakipandisha mahali ambapo moyo wa mwanadamu haufiki hata akimbizwe na simba. Hayo ni mabadiliko, siyo ufutaji, kwa hiyo Mshonaji aliyaandika bila kinyongo. Ili kulitoa utulivu kwenye vifua vya watu ilibidi nilitunze humo milele.

"Vizuri sana," Mchome akasema, na nikamwona anapumua. "Tutawatumia sasa hivi. Wote watakuwa msibani. Tutasema ni matengenezo ya kawaida."

"Hatuwezi kusema hivyo."

Alijua kwamba hatuwezi. Kampuni ilikuwa ikibadilisha programu kutoka mbali, ikitaka, mtu akiwa amelala. Baada ya kuondoka kwao tukaweka sheria: mvukuto haupokei kitu mpaka mwenyewe abonyeze kitufe cha kifuani kwa mkono wake, na anayemwomba abonyeze lazima kwanza amwambie kimebadilika nini. Haijaandikwa ukutani popote, lakini mtoto wa Kwamrindo anaijua kabla hajajua kusoma. Bila sheria hiyo sisi ni Kampuni yenye majina ya hapa hapa.

Mchome akaweka koti lake sawa. "Basi waambie ukweli. Nenda kwenye kipaza sauti, waambie kilichomuua Sefania wamekivaa kila mmoja wao, na kimerudi kwa mkono wetu. Halafu uwaombe wasipandishe sauti mpaka wamalize kubonyeza."

Nilimchukia kuliko wakati wowote kwa kuwa hapo alikuwa sahihi. Mji mzima ulikuwa chini ya turubai moja. Ukiwaambia, watalipuka, na atakayelipuka atanyongwa, na anayenyongwa hukoroma, na kukoroma nako ni sauti. Hata usipowaambia, jeneza likifika likafunguliwa kwa heshima za mwisho, vilio vitaanza na kwaya itapandisha, na utulivu litafanya kazi yake vile vile. Lazima wabonyeze kabla jeneza halijafika. Na mtu anayebonyeza bila kuambiwa ameibiwa.

"Nitakwenda mimi," nikasema. "Wewe usifungue mdomo wako."

*

Turubai lilikuwa limefungwa nyuma ya nyumba ya Sefania, na viti vilishajaa. Watu walizungumza chini chini. Hapa kwetu watu wana desturi ya kuingia msibani kwa utaratibu, wakitunza pumzi kwa ajili ya saa yenyewe. Mchome akaenda akasimama mbele, karibu na kipaza sauti, karatasi yake mkononi.

Mimi nilikwenda kwa mjane, Mama Kunda. Msibani hakuna anayemtangulia mfiwa: hakuna anayekula kabla yake, wala anayetupa udongo kabla yake. Hata matangazo ya karakana, yakitokea siku ya msiba, mfiwa ndiye anayebonyeza kwanza, ndipo wengine wafuate. Bila Mama Kunda hakuna kidole kingegusa kitufe.

Alikuwa ameketi mkekani, kanga imefunika mabega, mgongo umenyooka. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, Nakiete. Nimeshapoa, mwanangu."

"Mama, samahani kwa kukusumbua saa hii. Karakana ina kiraka kinachotakiwa kupokelewa leo. Kabla mzee hajafika. Naomba ubonyeze, watu wakufuate."

Alinitazama. Yeye alikuwa mpishi wa mgodini zamani, na katika ule mgomo mkubwa ndiye aliyeongoza wanawake kutoka jikoni na sufuria zao. Alianguka mara nyingi kuliko wanaume wengi, wakamkalisha, akainuka, akaanguka tena.

"Kimebadilika nini?" akauliza.

Ndiyo sheria. Alikuwa na haki ya kuuliza, nami nilikuwa na jibu.

"Siku ile waliponiletea habari zake," akaendelea kabla sijafungua mdomo, "nililia. Hewa ikakatika. Nikaanza tena, ikakatika. Wakaniambia ni uchungu, Mama Kunda, jikaze. Mpaka sasa sijamlilia mume wangu, Nakiete. Nimekaa hapa kama gogo." Akanisogelea, sauti yake ikashuka zaidi. "Naijua hali hiyo. Nimewahi kuwa nayo. Nijibu, ni lile?"

Nilisikia moyo wangu ukigonga chuma. Nilikitazama kifua chake, taa ya mvukuto wake ikiwaka njano chini ya kanga, ikingoja kiraka nilichokwisha kukituma. Nikawaza: nikisema ndiyo, mama huyu atapiga ukelele wa siku zote alizonyimwa. Mvukuto utamnyonga mikononi mwangu, na watu wote hawa watainuka kumkimbilia wakipiga kelele, na wao pia.

"Hapana, mama," nikasema. "Ni matengenezo ya kawaida."

Maneno yalitoka laini kabisa. Yalitoka kana kwamba nimekuwa nikiyasema maisha yangu yote.

Mama Kunda akaingiza mkono chini ya kanga, akabonyeza. Nikaona taa inazimika, nikaona kifua chake kimetulia bila pumzi, kisha mvukuto ukaguna, taa ikawaka kijani. Akavuta hewa.

Hapo hapo nikamwambia. Nilimshika mkono nikamwambia yote kwa kunong'ona: mti, Asili, maonyo yaliyozimwa, mzee pale mteremkoni. Nikamwambia ni lile. Nikamwambia nilidanganya ili abonyeze kwanza, na sasa hewa ni yake, alie atakavyo.

Mdomo wake ukafunguka. Niliona shingo yake inakaza, mishipa imesimama, na kifua kimejaa kuliko nilivyowahi kukiona kimejaa. Nikangoja.

Haikutoka sauti. Alikuwa anatazama nyuma yangu. Nikageuka. Wote walikuwa wamegeuza viti kumwelekea, vidole vimeshafika kifuani, wanamngoja mfiwa awaruhusu. Taa zote zilikuwa za njano.

Mama Kunda akafunga mdomo. Akainua mkono wenye kanga na kusema, kwa sauti ya kawaida ya mwenye nyumba anayewakaribisha watu chakula, "Bonyezeni, jamani. Ni matengenezo ya kawaida."

Wakabonyeza, nami nikabonyeza. Taa zikaanza kubadilika mstari kwa mstari, kina mama kwanza, halafu kwaya, halafu wazee waliokaa pembeni. Mmoja alisumbuka na kitufe, jirani akamsaidia kufungua shati, naye akabonyeza mwenyewe. Mama Kunda alikaa akiwaangalia, ametulia kana kwamba hajaambiwa kitu. Mikono yake tu ndiyo alikuwa ameikalia.

"Wamekwisha?" akaniuliza bila kunitazama.

"Wamekwisha, mama."

"Una hakika?"

"Taa zote ni za kijani."

Akashika bega langu akainuka, na alivyolishika niliumia. Barabarani tulisikia gari la jeneza likipunguza mwendo.

"Nenda ukasimame pale na Mchome," akasema.

"Mama, mimi ndiye niliyeligundua. Mimi ndiye niliye..."

"Najua ulichofanya. Umeniona nimenyamaza sasa?"

"Nimekuona, mama."

"Ningenyamaza hata mwanzo." Sasa alikuwa ananitazama, na hasira iliyokuwa machoni mwake sijawahi kuiona kwa mtu. "Nimekaa na lile dude kifuani kabla wewe hujavaa mvukuto. Nikifundisha wanawake namna ya kukasirika bila kupumua kwa nguvu. Ungeniambia kweli, ningekaza meno, ningebonyeza, na ningewaambia wenzangu wakaze meno wabonyeze, na wangeweza. Hawa ni watu wazima. Hukunijaribu hata kidogo. Ukaniona kikongwe wa kudanganywa, ukanitumia kuwadanganya majirani zangu kwenye msiba wa mume wangu."

Nilifungua mdomo. Hewa nilikuwa nayo yote, nami nilikuwa bado nimepiga magoti.

"Nenda kasimame naye," akarudia.

Nikaenda. Nilipita kati ya viti, watu wakinipisha kwa heshima, mmoja akiniambia pole na kazi. Nikasimama kando ya Mchome. Akaninong'oneza, akiuliza kama mambo yamekwenda vizuri. Mama Kunda alikuja nyuma yangu polepole, akachukua kipaza sauti mkononi mwa Mchome bila kuomba, akawageukia watu.

Akawaambia. Hakulia, alisema tu, jambo baada ya jambo, na alipolitaja faili kwa jina lake watu wote wakasimama kwa pamoja. Kelele walizopiga sikuwahi kuzisikia maishani mwangu. Walipiga wazee, walipiga waimbaji, walipiga kina mama waliokuwa wameshika vifua vyao wakingoja hewa ikatike, na haikukatika. Zilikuwa zinatujia sisi wawili, mimi na Mchome.